MWENYE WAYA NDIYE MWENYE SIKIO

Ndugu wafanyakazi,

Wako watu wanaotuambia kwamba mambo ya intaneti si mambo ya chama cha wafanyakazi. Wasema kazi yetu ni mshahara, saa za kazi, likizo na nyumba. Habari za nyaya na mitambo tuwaachie mabwana wakubwa na wataalamu wao. Sisi twakataa. Siku hizi habari ya mkutano hupelekwa kwa simu. Orodha ya wanachama imo katika kompyuta. Mwakilishi wetu kiwandani akitaka kumwuliza katibu wa tawi jambo, hatumi mtu kwa baiskeli, humwandikia ujumbe. Basi ikiwa maneno yetu yote hupita katika waya, yatupasa kuuliza: Waya huo ni wa nani? Na ni nani aliyekaa kando yake akisikiliza?

Iko nchi moja kubwa iliyouliza swali hili mbele ya ulimwengu mzima, nayo ni Brazili. Twawaeleza kisa chake kwa urefu kwa sababu kina mafundisho mawili. La kwanza ni la ushujaa. La pili ni la kuonya. Wengi husimulia lile la kwanza tu, kisha hunyamaza.

YALIYOTOKEA

Mwezi wa Juni 2013, kijana wa Kimarekani, Edward Snowden, aliwapa waandishi wa magazeti hati nyingi za siri. Kijana huyu alikuwa ameajiriwa na kampuni iliyofanya kazi kwa mkataba katika NSA, ambayo ni idara ya Serikali ya Marekani ya kusikiliza mawasiliano. Hati zile zilionyesha kwamba idara hiyo ilikuwa ikizoa habari za simu na barua-pepe za watu wasiohesabika, watu wasio na kesi wala shtaka.

Mwezi wa Julai gazeti la O Globo la Rio de Janeiro liliandika kwamba Brazili ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosikilizwa sana. Tarehe 1 Septemba televisheni ya Globo ikatangaza kwamba mawasiliano ya Rais Dilma Rousseff mwenyewe yalikuwa yamenaswa. Juma moja baadaye ikatangaza kwamba Petrobras, kampuni ya mafuta iliyo chini ya mamlaka ya serikali, nayo imelengwa. Oktoba ikajulikana kwamba idara ya Kanada, mwenzake Marekani, ilikuwa imechungulia mawasiliano ya Wizara ya Madini na Nishati.

Hapo, ndugu, tusimame kidogo. Marekani ilikuwa ikisema kwamba yawasaka magaidi. Je, ni gaidi gani aliyejificha ndani ya kampuni ya mafuta? Petrobras iliundwa mwaka 1953, baada ya wananchi kupiga kelele miaka mingi kwamba mafuta ni yao. Mwezi wa Oktoba 2013 Brazili ilikuwa inaweka mnadani haki ya kuchimba katika eneo la Libra, lenye mafuta mengi sana chini ya bahari. Kila mmoja wetu aliyewahi kukaa katika meza ya mapatano na mwajiri ajua thamani ya kufahamu mapema upande wa pili utakubali nini na utakataa nini. Mwajiri akijua usiku kwamba tutakubali shilingi kumi, asubuhi hatataja kumi na moja.

Rais Rousseff hakunyamaza. Tarehe 17 Septemba aliahirisha ziara yake ya kitaifa ya Washington, iliyokuwa imepangwa 23 Oktoba. Tarehe 24 Septemba alisimama katika Umoja wa Mataifa, akasema kwamba kuingilia mawasiliano ya nchi nyingine ni kuvunja sheria ya mataifa, na kwamba pasipo haki ya mtu kuwa na siri zake hapawezi kuwa na uhuru wa kweli wa kusema. Mama huyu alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wakati wa utawala wa wanajeshi alifungwa tangu 1970 hadi 1972, akateswa. Aliijua serikali inayosikiliza watu wake.

KWA NINI ILIKUWA RAHISI KUWASIKILIZA

Mabwana wengine hudhani intaneti imo mawinguni. Hapana. Intaneti ni waya, hasa waya uliolazwa chini ya bahari, nao una pwani unakoanza na pwani unakoishia. Brazili ilikuwa na magonjwa matatu.

Ugonjwa wa kwanza ni njia. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya Brazili kwenda ng'ambo ilipita Marekani, hasa Miami. Ulikuwako waya mmoja wa kwenda Ulaya moja kwa moja, uitwao Atlantis-2, tangu mwaka 2000, lakini uwezo wake ulikuwa mdogo, ukitumika hasa kwa simu. Basi mtu wa Recife akimwandikia mwenzake wa Lisbon, barua yake ilikwenda kwanza kubisha hodi Florida.

Ugonjwa wa pili ni ghala. Hata barua ya Mbrazili kwa Mbrazili mwenzake, mtaa kwa mtaa, mara nyingi ilihifadhiwa na kampuni ya Marekani. Hati za Snowden ziliyataja makampuni makubwa, Microsoft, Google, Facebook na mengine, kwamba NSA ilikuwa ikipata habari kwao chini ya sheria za Marekani. Sheria hizo humlinda raia wa Marekani kwa namna fulani. Mgeni hazimlindi hivyo.

Ugonjwa wa tatu ndio tunaotaka kila mwanachama aukumbuke. Tarehe 29 Julai 1998 Serikali ya Brazili iliuza Telebrás, shirika la taifa la simu. Lilikatwa vipande 12, likauzwa kwa reais bilioni 22. Embratel, iliyokuwa na simu za mbali na setilaiti za nchi, ilichukuliwa na MCI, kampuni ya Marekani. Ndani ya setilaiti zile mlikuwamo hata mitambo ya mawasiliano ya jeshi la Brazili. Siku ile waliambiwa kama tunavyoambiwa sisi kila shirika la umma linapotiwa mnadani: kwamba mgeni ataleta ufundi, ataleta fedha, mambo yatakwenda upesi. Hawakuambiwa kwamba auzaye waya huuza na sikio. Miaka 15 baadaye wakashangaa kuona kwamba wasikilizwa.

WALIVYOJITETEA

Haifai kuwadharau Wabrazili. Walifanya mambo mengi kuliko nchi nyingi zilizolalamika tu.

Mwezi wa Novemba 2013 ilitoka amri kwamba mawasiliano ya serikali ya shirikisho yapitie mashirika ya serikali yenyewe. Tarehe 18 Desemba 2013 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio, lililoletwa na Brazili pamoja na Ujerumani, kwamba haki ya mtu ya siri zake ni ile ile akiwa kwenye mtandao na akiwa nje yake. Tarehe 23 Aprili 2014, huko São Paulo, mbele ya mkutano wa mataifa, Rais alitia sahihi sheria ya haki za watumiaji wa intaneti, iitwayo Marco Civil. Sheria hiyo yasema kwamba habari zilizokusanywa Brazili zafuata sheria ya Brazili, hata kama kampuni ni ya kigeni. Na kwamba ujumbe wa mtu usifunguliwe ila kwa amri ya mahakama.

Tarehe 4 Mei 2017 Brazili ilirusha setilaiti yake, ya serikali na ya jeshi. Tarehe 1 Juni 2021 ukafunguliwa waya mpya wa EllaLink, kutoka Fortaleza mpaka Sines katika Ureno, wa urefu wa kilomita 6,000 hivi, usiogusa pwani ya Marekani. Na kimya kimya, tangu miaka mingi kabla ya kelele hizi, mafundi wao walikuwa wamejenga vituo vya kubadilishana mawasiliano ndani ya nchi, ili barua ya mtaa kwa mtaa isitoke nje. Kituo cha São Paulo ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani.

Wakati ule magazeti ya matajiri yalipiga mayowe kwamba Brazili yataka kuuvunja mtandao wa dunia vipande vipande. Sisi twauliza: aliyetoboa ukuta wa jirani ndiye mwenye kuhimiza ujirani mwema, na aliyeziba tundu ndiye mvunja mtaa? Nchi kuweka waya wake si kuvunja mtandao, kama vile mkulima kuchimba kisima chake si kukausha mto.

WASEMAO "SINA LA KUFICHA"

Hata miongoni mwetu wako wasemao, "Wanisikilize wapendavyo. Mimi kibarua tu, sina la kuficha." Maneno haya ni ya hatari, nasi twayajibu kwa ukweli uliothibitishwa katika nchi hiyo hiyo ya Brazili.

Wanajeshi walitawala kule tangu 1964 hadi 1985. Mjini São Bernardo do Campo, kiwandani mwa Volkswagen, walinzi wa kampuni walishirikiana na polisi wa siasa. Majina ya wafanyakazi waliogawa karatasi za chama yalipelekwa polisi. Wako waliokamatwa papo hapo kazini. Mwaka 2020 kampuni ilikubali kulipa reais milioni 36 kwa ajili ya mambo hayo. Nayo Tume ya Ukweli ya Taifa, iliyotoa taarifa yake Desemba 2014, ilieleza jinsi makampuni na polisi walivyoshirikiana juu ya wafanyakazi. Mtu aliyeandikwa katika orodha za aina hiyo alizunguka viwanda vyote akitafuta kazi, asipate, wala asiambiwe sababu.

Watu wale walikuwa na nini cha kuficha? Hawakuiba. Hawakuua. Walikuwa na karatasi za chama tu. Basi fikiri, ndugu: zamani ilihitajiwa jasusi mmoja akae mlangoni ahesabu waingiao mkutanoni. Leo simu zenu zenyewe zaweza kutoa hesabu hiyo, na jina la kila mmoja, na saa aliyofika, na aliyekaa karibu naye.

Tena tazameni ahadi iliyotolewa. Tarehe 17 Januari 2014 Rais Obama alisema kwamba Marekani haitasikiliza viongozi wakuu wa nchi zilizo marafiki wa karibu, ila pakiwa na sababu kubwa ya usalama. Viongozi wakuu! Karani hakutajwa. Dereva hakutajwa. Mchuma chai hakutajwa. Wakubwa waliombana radhi, na sisi wengine tukabaki ndani ya kapu.

FUNDISHO LA PILI

Sasa twafika mahali ambapo wasimuliaji wengi hunyamaza.

Mwezi wa Aprili 2013, miezi miwili kabla ya Snowden, gazeti la O Estado de S. Paulo liliandika kwamba idara ya ujasusi ya Brazili ilikuwa ikifuatilia wafanyakazi wa bandari ya Suape, katika jimbo la Pernambuco. Kosa lao ni nini? Vyama vyao vilipinga amri mpya ya serikali juu ya bandari, na ilihofiwa kwamba watagoma. Serikali hiyo ndiyo ya Rais yule yule aliyesimama Septemba katika Umoja wa Mataifa. Aliyekasirika kusikilizwa na Washington, huku kwake idara yake ilikuwa imetega sikio langoni mwa bandari.

Wala haikuishia hapo. Mwaka 2023 polisi wa shirikisho walifanya msako juu ya mashtaka kwamba, katika serikali iliyofuata baadaye, idara hiyo hiyo ilitumia programu ya kampuni ya Kiisraeli kufuatilia mahali zilipo simu za watu bila amri ya mahakama. Programu yenyewe ilinunuliwa kwa fedha za kodi za watu wale wale.

Tazameni pia mali yenyewe. Setilaiti iliyorushwa 2017 kwa jina la uhuru, mwaka uliofuata sehemu ya uwezo wake ilitiwa katika mkataba na Viasat, kampuni ya Marekani. Waya wa kwenda Ureno ni mali ya kampuni, na fedha zake nyingi zilitoka katika mfuko wa uwekezaji wa Ulaya. Nayo Ulaya ina masikio yake. Hati zile zile za Snowden zilionyesha kwamba Uingereza ilikuwa ikinywa kutoka katika nyaya zipitazo kwake. Na ile sheria nzuri ya 2014 yenyewe yaamuru makampuni ya mawasiliano yaweke kumbukumbu za watumiaji: mwaka mmoja kwa yanayounganisha, miezi 6 kwa yanayotoa huduma. Kumbukumbu zisizokuwapo haziibiwi. Zikiwapo, zina mwenye kuzitamani.

Twasema hivi si kwa kuicheka Brazili. Twasema kwa sababu hoja yetu ni moja, nayo ni hii: kumfukuza msikilizaji mgeni ni nusu ya kazi. Akiondoka mgeni, kiti kikabaki pale pale kando ya waya, atakikalia mwenyeji. Na mwenyeji atujua majina. Mgeni ataka mafuta yetu. Mwenyeji na mwajiri wataka kujua nani atanyosha mkono kesho mkutanoni. Uhuru wa waya ni kukiondoa kiti chenyewe.

NA SISI JE?

Msidhani kisa hiki ni cha mbali. Mwezi wa Mei 2014 gazeti la The Intercept, likitumia hati za Snowden, liliandika kwamba NSA ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za mkono katika nchi kadhaa: nani amempigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Kenya ilikuwa mojawapo.

Nasi tulikuwa na ule ugonjwa wa njia. Hadi mwaka 2000, barua-pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya pili ya Nairobi ilivuka bahari kisha ikarudi. Mafundi wa hapa walipofungua kituo cha kubadilishana mawasiliano mwishoni mwa mwaka huo, waliamriwa kukifunga, kwa sababu kampuni ya simu iliyokuwa na haki ya peke yake ililalamika kwamba haki yake imevunjwa. Kilifunguliwa tena mwaka 2002. Waliotuchelewesha hawakutoka Washington.

Na historia ya vyama vya wafanyakazi hapa yatosha kutufundisha. Makhan Singh alishikwa 1950, akazuiliwa hadi 1961, kwa kazi ya chama. Serikali ya kikoloni haikuhitaji intaneti kufanya hivyo. Sasa mitambo ipo, tena hailali wala haiombi mshahara.

TWADAI NINI

Kulalamika pekee hakutoshi. Twataka kila tawi lizungumze mambo haya na kuyapigia kura:

1. Katika kila mapatano na mwajiri kiwekwe kifungu kwamba mwajiri hatafungua ujumbe wa mfanyakazi, wala kufuatilia alipo baada ya saa za kazi. Kamera na mitambo ya kuhesabu watu isifungwe kazini mpaka chama kimearifiwa.

2. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, inayolinda siri za mawasiliano ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 zisomwe mikutanoni kwa Kiswahili. Haki isiyojulikana ni sawa na mshahara usiodaiwa.

3. Pasiwe na usikilizaji wowote, wa mgeni au wa mwenyeji, bila amri ya hakimu juu ya mtu aliyetajwa kwa jina na kosa lililotajwa. Kuzoa watu wote kwa kokoro tunakataa kabisa.

4. Mali ya umma ya mawasiliano isiuzwe gizani. Kila mara inaponenwa habari ya kuuza, vyama vya wafanyakazi wa mawasiliano viwe mezani tangu siku ya kwanza. Wao ndio wajuao waya unapita wapi.

5. Na sisi wenyewe tufunge milango yetu. Orodha ya wanachama isiwekwe katika kompyuta ya mwajiri wala katika barua-pepe ya kazini. Makatibu wafundishwe kutumia ujumbe uliofungwa kwa ufunguo, usioweza kusomwa njiani. Shauri la mgomo liamuliwe ana kwa ana, simu zikiwa zimewekwa nje ya mlango.

Watatokea watakaosema kwamba tumejiingiza katika siasa. Ndugu, siasa iliingia mfukoni mwetu siku tuliyonunua simu. Wabrazili walilaza waya wa kilomita 6,000 kuukwepa mkono wa mgeni, nasi twawasifu kwa hilo. Lakini mfanyakazi wa gati la Suape bado ana haki ya kuuliza kama waya ule wamlinda yeye, au wamlinda Rais peke yake. Swali lake ndilo letu.

Lipelekeni matawini. Lisomeni kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma. Kisha leteni majibu katika mkutano mkuu, kwa mkono, si kwa waya.

UMOJA NI NGUVU.